Nukta Ambayo Mama Hakuiona

Kitabu chenyewe ni cha risiti, kile cha karatasi za kaboni, nilikichukua kazini. Nafanya uhasibu kwenye duka la vipuri Kirinyaga Road, namba ndizo zinazonilisha, na siku zote nimejisifu kwamba nikiandika namba siikosei. Kwenye kurasa za nyuma, chini ya bei za beringi na shokomzoba, kuna safu moja niliyoichora kwa kalamu nyekundu: 14.2, 12.8, 15.6, 11.9, 16.1. Hiyo ni sukari ya mama, siku tano mfululizo, kabla hajanywa hata chai.

Mama anaishi kijijini, Kwale, kwenye njia ya kutoka Lunga Lunga kwenda Vanga. Mimi nakaa South B. Kila asubuhi baada ya swala ya alfajiri nilikuwa nampigia, na mazungumzo ya siku ya kwanza nayakumbuka neno kwa neno.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamka salama?"

"Salama. Umepima?"

"Nimepima. Mia na arobaini na mbili."

"Mama, hakuna sukari ya mia. Hiyo ni kumi na nne nukta mbili."

"Nukta siioni."

"Vaa miwani."

"Nimevaa."

"Basi ipo, ni ndogo tu."

Nikaandika 14.2.

Nieleze kwanza tulifikaje kwenye kupima kwa simu. Mama aligunduliwa ana ugonjwa wa sukari mwaka 2019, na kilichomfichua ni kidonda cha kisigino kilichokataa kupona. Kabla ya hapo hakuwahi kupimwa sukari hata mara moja, na katika hilo hakuwa peke yake: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu watu wazima 9 kati ya 10 nchini Kenya hawajawahi kupimwa. Akapewa vidonge vya kushusha sukari, metformin ya miligramu 500 mara tatu kwa siku na glibenclamide ya miligramu 5 asubuhi, pamoja na kadi ya kliniki.

Kliniki ndiyo iliyotushinda. Aondoke kabla ya Alfajiri, bodaboda mpaka barabara kubwa, matatu, foleni, tumbo tupu kwa sababu damu ya kupima inatakiwa kabla ya kula, arudi Alasiri miguu imevimba. Yote hayo apate namba moja ya asubuhi hiyo na dawa za miezi miwili. Siku sitini zinazofuata yuko peke yake na chungu chake. Na ugonjwa huu, ukiniuliza mimi, hauishi kliniki. Unaishi jikoni, na kwenye visigino, na kwenye kidonge kilichosahauliwa siku ya arusi ya jirani.

Kwa hiyo niliposikia kuna daktari wa kliniki moja hapa Nairobi anayefuatilia wagonjwa kwa simu jioni, nilifurahi sana. Nalipa kwa M-Pesa, anapiga, tunaongea. Ndugu yetu mmoja aliyetoka Marekani alikuwa ameleta mashine ya kupimia sukari, mpya, na vijiti vyake mia. Mimi nikakusanya namba, daktari akasoma namba, mama akatoboa kidole. Nilijiona mtoto mwema kuliko watoto wote wa Kwale.

Baada ya siku tano nikamsomea daktari safu yangu nyekundu. Akashtuka kidogo. Kabla ya kula, mtu kama mama anatafutwa awe kati ya 4 na 7, labda 8 kwa umri wake wa miaka 68. Akaniuliza, "Anaamka usiku?"

"Anaamka," nikajibu.

"Ana kiu sana?"

"Nafikiri anayo."

Sikumuuliza mama. Alikuwa amelala, zaidi ya kilomita 500 kutoka nilipokuwa nimesimama na simu. Ni kweli anaamka usiku. Anaamka kuswali tahajudi, tangu nikiwa mdogo. Lakini ukishakuwa na 14.2 mkononi, kila kitu kinaifuata hiyo 14.2. Daktari akaongeza glibenclamide nyingine ya miligramu 5 jioni. Nikatuma pesa, mpwa wangu akainunua siku ileile.

Usiku wa sita, saa kumi alfajiri, simu ikalia. Mpwa wangu ana miaka 12, analala na bibi yake. "Khala, bibi analowa jasho. Anaongea, haeleweki."

Nyuma yake nilisikia watu. Mmoja alishaanza Yasini. Mwingine alikuwa anatafuta ubani, akisema ni pepo, na siwezi kumlaumu: mtu mzima mtulivu anatetemeka, anakuita kwa jina la dada yake aliyekufa, ungedhani nini? Aliyetuokoa ni jirani yetu, mhudumu wa afya ya jamii. Ni mmoja wa wale waliopewa mikoba ya vifaa mwaka 2023, wahudumu zaidi ya 100,000 nchi nzima, na ndani ya mkoba mna mashine ya presha na ya sukari. Alikuja na leso begani, akamtoboa kidole: 2.6. Chini ya 4 ni hatari, na chini ya 3 ubongo wenyewe unalia njaa.

Mama alikuwa bado anaweza kumeza. Angekuwa hawezi, asingetiwa kitu mdomoni, angekimbizwa hospitali vivyo hivyo. Jirani akakoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, akamnywesha, akaweka saa. Dakika 15. Akapima: 3.7. Vijiko vingine vitatu, dakika 15 nyingine: 4.9. Akamlisha mkate. Kisha, jambo ambalo mimi nisingelijua, akasema lazima waende hospitali ingawa mama ameshaanza kugomba kwa nini nyumba imejaa watu. Glibenclamide hukamua kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari, umekula au hujakula, na kwa mzee ambaye figo zimepunguza mwendo dawa hukaa mwilini muda mrefu. Sukari ikishapandishwa inaweza kuanguka tena mchana, au usiku unaofuata. Wakapata Probox, wakaenda, akalazwa siku moja.

Aliporudi nyumbani jirani alikaa naye mkekani akaweka mashine mbili ubavu kwa ubavu. Tone moja la damu, akagawa. Yake ikasema 6.1. Ya mama ikasema 110.

Akanipigia. "Dada, hii mashine ya mama inahesabu vingine."

Naomba niseme hili kwa urefu kidogo, kwa sababu najua kuna watu wenye mashine za zawadi kabatini. Hapa kwetu sukari ya damu tunaipima kwa milimoli katika lita. Marekani wanaipima kwa miligramu katika desilita. Ni kama kilo na ratili. Ukitaka kutoka ya kwao kuja ya kwetu unagawanya kwa 18. Kwa hiyo 142 ya mama ilikuwa 7.9. Ile 128 ni 7.1. Ile 119 niliyoiandika 11.9, ni 6.6. Mama hakuwa mgonjwa wa kuongezewa dawa. Alikuwa anaendelea vizuri, na mimi, mhasibu, nilimtilia nukta.

Daktari nilipomwambia alinyamaza. Akaomba picha ya kioo cha mashine, mpwa wangu akaazima simu ya jirani akaituma. Chini ya namba, kwa herufi ndogo kama sisimizi, imeandikwa mg/dL. Ilikuwa pale siku zote. Akasema kosa ni lake, alipaswa kuuliza ni mashine gani kabla ya kugusa dawa. Nikasema ni langu. Tukabaki tunagombania kosa kama watu wanaogombania kulipa bili ya chai. Mwishoni akaandika kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, maana sukari hunata kwenye chembe nyekundu za damu na chembe hizo huishi kama siku 120. Majibu: asilimia 6.9. Kama kweli mama angekuwa anaishi kwenye 14, kipimo kingepita asilimia 10. Glibenclamide ikaondolewa yote, ile ya jioni na ile ya asubuhi.

Halafu daktari akatoa sharti. "Kuanzia sasa naongea na mama mwenyewe. Wewe utasikiliza ukitaka."

Niliumia, sitaficha. Nikasema mama hana simu kubwa, ana mulika mwizi. Akasema mulika mwizi inatosha, yeye hahitaji kumwona uso, anahitaji kumsikia. Na hapo ndipo nilipojua mambo ambayo miaka yote sikuyajua. Simu ya kwanza ilichukua dakika 40. Mama alimweleza daktari kwamba metformin inamvuruga tumbo, ndiyo maana huikata nusu. Anainywa kabla ya kula? Ndiyo, si dawa hunywewa kabla ya kula? Hapana mama, hii inywe pamoja na chakula, chakula kikishaanza kushuka. Kwa hiyo kwa muda wote huo alikuwa anakunywa nusu ya dozi, na hakumwambia mtu.

Baadaye nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi.

"Wewe una haraka mwanangu. Ukipiga unauliza namba."

Kuhusu chakula daktari alianza vibaya. Alituma picha ya sahani iliyogawanywa: nusu mboga, robo nyama, robo wanga. Wazo zuri. Ila mboga zenyewe zilikuwa brokoli na majani ya saladi, na mama akauliza huo mti ni mti gani. Simu iliyofuata daktari akaacha picha, akamwuliza tu jana alikula nini, tangu asubuhi mpaka kulala. Akapata orodha ya kweli: mahamri mawili na mbaazi za nazi, chai ya sukari, mchana wali na samaki wa kupaka, jioni muhogo. Wakaanza kupatana kama watu wa sokoni. Sukari kwenye chai ilitoka bila vita. Hamri likabaki moja, mbaazi zikaongezwa. Wali ukapungua mpaka ngumi moja, pembeni ukajaa mchicha au kisamvu. Juu ya tui la nazi mama hakukubali kabisa, na daktari, kwa busara, akaliacha.

Jambo lililombadilisha mama si mapatano hayo. Ni pale daktari alipomwambia, siku mbili tatu, pima saa mbili baada ya kula, uone mwenyewe. Nilikuwa nimemnunulia mashine mpya, ya milimoli. Wiki hiyo akanipigia yeye, jambo ambalo hafanyi kwa kuogopa salio, sauti ya mtu aliyemshika mwizi wa kuku.

"Nimeukamata muhogo!"

Baada ya hamri moja na mbaazi alikuwa 8.8. Baada ya muhogo, 12.4. Alirudia siku nyingine asije akauonea muhogo bure, ukatoka vilevile. Hakuna aliyemwambia aache muhogo. Aliupunguza mwenyewe, na sasa jirani zake wenye sukari wanakuja kumwuliza, naye anawaambia kila mwili na wake, jipime.

Aliwahi pia kunishtua na 19, msimu wa maembe. Safari hii sikuandika kitu. Daktari akamwuliza alikuwa anafanya nini kabla ya kupima. Alikuwa anamenya embe la mjukuu. Nenda kanawe kwa sabuni, jikaushe, pima kidole kingine, ubavuni. Ikatoka 7.4. Utamu ulikuwa kwenye ngozi.

Sitaki mtu adhani mambo yote sasa ni mteremko. Vijiti vya kupimia ni balaa. Mashine inauzwa rahisi kwa makusudi, naamini, kisha wanakukamata kwenye vijiti, na vya mashine hii haviingii kwenye ile. Pakiti ya 50 mara ya mwisho niliinunua shilingi 1,800. Hewa ya pwani nayo ina unyevu, kopo likiachwa wazi vijiti vinaharibika na kusema uongo. Kwa bahati, mtu anayetumia metformin peke yake halazimiki kutoboa kidole kila siku. Daktari alimpangia siku mbili kwa wiki, saa tofauti. Aliye kwenye insulini hana nafuu hiyo, na ana tatizo jingine la kuihifadhi: chupa ambazo hazijafunguliwa zinataka baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, na iliyoganda haifai tena. Kijijini kwetu friji ni za kuhesabu. Mzee mmoja wa huko huweka chupa anayotumia ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga wenye maji, na kweli ndani pana ubaridi, maji yakikauka yanaondoka na joto.

Mtandao nao ni kituko. Pale nyumbani ni karibu na mpaka, simu ikishika mtandao wa Tanzania salio linayeyuka kabla daktari hajamaliza salamu. Mama akawa anatembea mpaka chini ya mwembe karibu na msikiti, ambako wa Kenya unashika vizuri. Lakini hapo mwembeni ndipo baraza la wazee linapokaa. Daktari akimwuliza kama anapata kuwashwa sehemu za siri, dalili ya kawaida kabisa sukari ikipanda, mama anajibu "tutaongea" na kukata. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, taarifa za afya zimo, nimeisoma. Haijafika mwembeni. Dawa ilitoka kwa mpwa wangu: aliingia kwenye mipangilio ya simu akachagua mtandao mwenyewe badala ya kuiachia simu itafute. Sasa mama anaongea chumbani kwake, mlango umefungwa.

Ramadhani ilipokaribia niliogopa kuliko yeye. Aya inamruhusu mgonjwa afungue alipe siku nyingine, nikamkumbusha, akaniambia aya hiyo aliisoma kabla sijazaliwa. Wakakaa na daktari wakapanga. Dozi ya metformin ya mchana ikaunganishwa na ya futari. Daku isogezwe mpaka karibu na adhana. Apime mchana, maana sheikh wa msikiti wetu alishasema kutoboa kidole hakuvunji saumu. Ikishuka chini ya 3.9 anafungua hapohapo, ikipita 16 anafungua pia, na hilo si la kujadiliana. Alifunga siku 27. Siku tatu alifungua, moja kwa 3.8 na mbili kwa mafua, na hakupiga simu kuniomba ruhusa.

Kitu ambacho simu haikuweza ni miguu. Kile kisigino cha 2019 daktari hajakiona kwa jicho lake mpaka leo. Sukari huua mishipa ya fahamu ya nyayo polepole, mtu anakanyaga kaa la moto asijue, na mama bado huenda shambani pekupeku. Mwezi uliopita daktari akasema kuna kipimo ambacho ndugu anaweza kufanya nyumbani bila kifaa chochote, kilitokea Uingereza, mji wa Ipswich. Unatumia ncha ya kidole chako tu.

Tulikuwa watatu kwenye laini moja. Mimi Kirinyaga Road, nimejibanza nyuma ya rafu za vichujio, nje lori linapiga honi. Daktari ofisini kwake. Mama kitandani, simu kwenye spika, mpwa wangu chini miguuni. "Mama, funga macho," daktari akasema. "Kijana, gusa ncha ya kidole gumba, halafu cha katikati, halafu kile kidogo. Mguu huu, kisha huu. Gusa kama nzi anatua. Usibonyeze, usitekenye. Mama, ukisikia, sema kulia au kushoto."

Kimya. Kisha mama: "Kulia."

"Vizuri."

"Kushoto." Akacheka. "Huyu ananitekenya."

"Sijatekenya, bibi!"

"Endelea, kijana."

"Kushoto."

"Kushoto."

Kisha kimya kirefu. Nilibana simu sikioni.

"Mbona hugusi?" mama akauliza.

"Nimegusa, bibi. Viwili."

"Rudia basi."

"Usirudie," daktari akasema taratibu. "Kila kidole ni mara moja tu. Vipi hivyo viwili?"

"Cha katikati na kidogo. Mguu wa kulia."

Daktari akaeleza kwamba viwili kati ya sita vinatosha. Miguu iangaliwe na mtu kwa mikono yake, wiki hii, isingoje kliniki ya mwezi ujao. Mimi nilikuwa nimeshashika kile kitabu cha risiti, kalamu mkononi.

"Basi nitumie nauli," mama akaniambia. "Ya watu wawili. Huyu naenda naye, ndiye anayejua ni vidole vipi."